Muulize Bibi Shamba: Mbegu ya klova inunue mwisho

Mwezi huu barua karibu zote zina mnyama mmoja. Mmoja kamwita swala, mwingine kulungu, wa tatu kaandika "dia" kama wanavyosema watoto wake wakirudi shule. Kabla sijajibu, tuelewane jina. Huyu mwenye mkia mweupe, anayekatiza barabara usiku na kutuvunjia taa za magari huku Marekani, si swala wala kulungu. Swala na kulungu wa kwetu, pembe ikishaota imeota. Huyu dume lake huangusha pembe kila msimu wa baridi, akaota mpya majira ya kuchipua yakifika. Kusini mwa Sahara hatuna mnyama wa asili wa ukoo wake, ndiyo maana kila mtu anambatiza anavyojua. Waliotafsiri Zaburi walimwita ayala. Nami nitamwita ayala. Na hiyo klova mnayotaka kumpandia ni majani ya malisho ya jamii ya kunde, yenye majani matatu matatu.

*

*Jambo Mama. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, naishi Louisville, Kentucky, kazi yangu ni ya usiku kwenye ghala la mizigo. Mwaka juzi mimi na shemeji yangu tulinunua ekari 14 kaunti ya Hart. Nusu ni msitu, nusu ni malisho ya zamani ya ng'ombe. Jirani yetu huko alitushauri tupande klova na chikori, chakula cha kudumu, ili hao dia wazoee kuja na mwezi wa kumi na moja tupate nyama. Mwaka jana mwezi wa tano tulikodi trekta, tukalima nusu ekari, tukamwaga mfuko wa mbegu wa dola 80. Ilichipua vizuri sana, tukapiga picha. Mwezi wa saba yakabaki majani marefu na magugu, klova haionekani. Shemeji anasema tuliuziwa mbegu mbaya. Tulikosea wapi?*
*— Baba Neema, Louisville*

Baba Neema, mwambie shemeji kosa kubwa si la mbegu. Ilichipua, kazi yake ikaishia hapo. Mlichokosea ni mwezi, na mlikosea nyasi. Najua kwa sababu nimewahi kufanya kosa hilohilo, tena mimi niliyelipwa mshahara wa serikali miaka tisa kule Rombo nikifundisha watu kupanda majani ya ng'ombe. Mwaka wangu wa tatu Kentucky nilipanda klova wiki ya pili ya Mei, kifua mbele. Mume wangu akajenga jukwaa juu ya mwaloni akisubiri ayala. Kufika Agosti alikuwa anakaa juu ya jukwaa lile akitazama magugu yaliyomfika mtu kiunoni, na wala hakuniambia neno. Heri angesema.

Tuanze na nyasi. Malisho ya zamani ya ng'ombe huko Hart, bila hata kuyaona, nakuhakikishia yamejaa feskyu. Ni nyasi yenye jani pana gumu, lenye mistari kwa juu, ukilipitisha kidole kwa kurudi nyuma linakwaruza. Feskyu iliyoenea jimbo hili inaitwa Kentucky 31, na hiyo 31 ni mwaka 1931, profesa wa Chuo Kikuu cha Kentucky alipoikuta imestawi kwenye mteremko wa shamba moja kaunti ya Menifee. Ilitolewa rasmi kwa wakulima mwaka 1943, ikaenea kama moto kwa sababu haifi: si kwa ukame, si kwa kwato. Ndani yake kuna kuvu asiyeonekana kwa macho anayeilinda, na kuvu huyo huyo huwaletea ng'ombe shida ya joto na ya uzazi. Ayala wala hahangaiki nayo. Akipita juu ya feskyu ni sawa na mtu anayepita juu ya mkeka.

Sasa ninyi mlipolima mwezi wa tano mlifanya nini? Mliikatakata. Feskyu iliyokatwa na jembe la trekta inaota tena kutoka kwenye vipande vya mashina. Juu ya hapo mkawafungulia mlango magugu ya kiangazi, maana mbegu zake zimelala kwenye udongo miaka na miaka zikisubiri mtu azigeuze zipate jua. Klova nyeupe mwezi wake wa kwanza ni mtoto mchanga. Majani matatu, mzizi kama uzi. Likaja joto la Julai, mvua ikakatika, na jirani zake tayari wana urefu wa futi mbili. Hapo hakuna mbegu ya bei yoyote ambayo ingeponea.

Mwaka huu fanya hivi, na ufuate mpangilio, usiruke.

Kwanza udongo, tena wiki hii. Chukua ndoo ya plastiki. Isiwe ya bati, kwa sababu bati hupakwa zinki na itaharibu kipimo. Zunguka ile nusu ekari ukichimba sehemu kumi na tano hivi, kina cha inchi nne hadi sita, changanya yote kwenye ndoo, anika kivulini juu ya gazeti, kisha peleka kiasi cha vikombe viwili kwenye ofisi ya ugani ya kaunti. Kila kaunti ya Kentucky inayo, na gharama yake ni ndogo kuliko chakula cha mchana cha mtu mmoja. Usione haya kwa lafudhi yako. Waambie unataka klova na chikori kwa ajili ya wanyamapori, wataandika wenyewe.

Karatasi ikirudi, angalia pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, kabla ya kitu kingine chochote. Klova inataka 6.5 hivi, 6.0 itavumilia. Kwangu ilikuwa 5.4, na karatasi ikaniambia tani mbili za chokaa ya kilimo kwa ekari. Lori la chokaa lisingeweza kupita kati ya miti, kwa hiyo kwa nusu ekari yangu nilinunua ile ya punje, mifuko ya paundi 40. Tani moja ya Marekani ni paundi 2,000, yaani mifuko hamsini. Tuliibeba kwa toroli mimi na mwanangu Jumamosi nzima, na mgongo wangu haujasahau. Lakini chokaa haifanyi kazi kwa siku mbili. Inahitaji miezi kadhaa na mvua ndiyo udongo ubadilike. Ndiyo maana nasema wiki hii. Mtu anayemwaga chokaa na mbegu siku moja anaitayarishia chakula klova ya mwaka ujao huku hii ya leo inakufa njaa.

Mbolea fuata karatasi, fosforasi na potasiamu tu. Usiweke ya naitrojeni. Klova inajitengenezea naitrojeni yake kwa msaada wa bakteria wa mizizini. Ukiimwaga wewe, unailisha feskyu na magugu.

Pili, uiue feskyu, na usitarajie kumaliza kwa mara moja. Wataalamu wa huku wanapulizia dawa, wanafunika, kisha wanapulizia tena. Mwisho wa Aprili au mapema Mei, feskyu ikiwa kijani na ina inchi sita hadi nane, piga glaifosati, dawa ya kuua majani, kwa bomba la mgongoni, asubuhi isiyo na upepo, na glavu na buti. Soma kibandiko cha kipimo. Usikadirie kwa kofia ya chupa. Ikishakauka, mwishoni mwa Mei panda bakwiti (buckwheat) ya kufunika. Bakwiti inaota kwa kasi ya ajabu, kwa wiki tano au sita inachanua, inanyima magugu jua, na ayala wanaila pia, kwa hiyo kiangazi hakiendi bure. Agosti ikianza, ilaze chini kabla mbegu zake hazijakomaa, ngoja feskyu iliyojificha ichomoze, kisha uipige dawa mara ya pili. Kuanzia hapo usilime tena. Kila ukigeuza udongo unaamsha magugu mengine.

Kama hutaki dawa kabisa, nakuelewa, na nina dada zangu wa kanisani wanaofunika vipande vidogo kwa turubai jeusi kiangazi chote. Kwa robo ekari inawezekana. Kwa nusu ekari kwenye mteremko wa Hart, uniandikie baadaye unieleze.

Tatu, ndipo ununue mbegu. Nakuomba usitazame picha ya dume lenye pembe za ncha kumi na mbili iliyo mbele ya mfuko. Ugeuze mfuko, kuna kibandiko cheupe kilichoshonwa au kuchapwa kwa sheria. Pale utaona jina la kila mbegu, asilimia yake, uwezo wa kuota, na kile kisichokuwa mbegu. Mifuko mingi siku hizi ina mbegu zilizopakwa udongo mweupe, na hilo koti linaweza kuwa theluthi ya uzito. Piga hesabu: mfuko wa paundi 5, koti asilimia 34, umebakiwa na mbegu paundi 3.3. Uotaji ukiwa asilimia 85, mbegu hai ni paundi 2.8. Si wizi, kila kitu kimeandikwa, ila wengi tunasoma pembe tu. Na ukiona "annual ryegrass" kwenye orodha, rudisha mfuko kwenye rafu. Ni majani ya bei rahisi, yanaota haraka ili mnunuzi afurahi na kupiga picha, kisha yanaibana klova mpaka inakufa. Nashuku, Baba Neema, picha zenu za mwezi wa tano ni za hayo.

Kwa nusu ekari yako nunua klova nyeupe ya majani makubwa, aina ya ladino, paundi mbili na nusu. Chikori paundi moja na nusu. Ngano ya kawaida ya msimu wa baridi paundi 25. Ngano ndiyo yaya. Inaota kwa siku chache, ayala wanaishambulia yenyewe Oktoba na Novemba, na klova inapata nafasi ya kushusha mizizi bila kuguguniwa. Chikori ina mzizi mrefu kama karoti. Agosti klova ikinyong'onyea kwa ukame, chikori bado inatoa majani. Jirani yako kwenye hilo kakushauri vyema.

Tarehe: katikati ya Agosti hadi katikati ya Septemba, siku moja au mbili kabla ya mvua. Mwaga ngano kwanza na uifukie kidogo kwa kuburuta tawi zito au kipande cha uzio wa chuma. Ndipo umwage klova na chikori kwa ile mashine ya kuning'iniza kifuani unayozungusha kwa mkono. Changanya mbegu na mchanga mkavu, maana ni ndogo mno. Paundi moja ya klova nyeupe ina mbegu zaidi ya laki saba. Kwa kipimo cha klova peke yake, paundi 8 kwa ekari, ni mbegu zaidi ya mia na ishirini kwa kila futi moja ya mraba. Ukizungusha kama unafukuza nyuki utamaliza mfuko kabla hujafika kati. Gawa mbegu mafungu mawili, fungu moja tembea nalo kwa urefu, la pili kwa upana.

Baada ya hapo usizifukie. Hapa ndipo mkono wa mkulima wa mahindi unapotuponza, tumezoea kusukuma udongo kwa kisigino. Klova ikizidi robo inchi chini haitoki. Pitisha rola, au endesha gari dogo taratibu huku na huku ili matairi yazikandamize. Ukiinama baada ya rola na bado unaona vijimbegu vya njano juu ya udongo, umefanya vizuri.

Siku hiyo hiyo simika kizimba kimoja. Waya wa mabati uliokunjwa duara, upana futi tatu, kimo futi nne, vigingi viwili vya kuushikilia. Usicheke. Bila kizimba, ukikuta klova fupi utadhani haioti. Kumbe ndani ya waya iko inchi nane na nje imeliwa ikabaki inchi mbili. Ukitaka kujua ni nani anakula, chuma shina ulitazame. Ayala hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo hakati, anang'oa kwa kubana. Ncha inabaki imechanika kama uzi uliokatwa kwa meno. Sungura hukata mshazari safi, kama kisu. Mwaka wangu wa pili wa kupanda klova nilimlaumu ayala msimu mzima, kumbe mlaji alikuwa sungura aliyekuwa anaishi kwenye rundo la matawi niliyolikusanya mwenyewe.

Mwaka wa pili, Mei, ngano ikitoa masuke ikate juu ya klova ili jua lifike chini. Kiangazi ukate tena magugu yakianza kuchanua, mara mbili tatu kwa mwaka, usishuke chini ya inchi nne hadi sita. Ukame ukikaza, acha mashine nyumbani. Na hili nalisema taratibu: kabla hujawasha mashine mwisho wa Mei na Juni, tembea shamba zima kwa miguu. Ni wakati wa kuzaa. Mama humlaza mtoto kwenye majani na kwenda kula mbali, na mtoto hakimbii hata tairi likimkaribia; anajibana chini tu, masikio nyuma. Nilimkuta mmoja hatua mbili mbele ya mashine yangu. Madoa meupe mgongoni yalikuwa kama jua linalopenya kwenye majani, na pua ilikuwa inatetemeka. Usimwokote ukidhani ametelekezwa. Nilizima, nikaenda kupika, nikakata wiki iliyofuata.

Shamba likitunzwa hivi litakaa miaka mitatu hadi mitano. Mwishowe klova inakuwa imeweka naitrojeni nyingi hadi majani yanaingia yenyewe. Hapo pumzika mwaka mmoja kwa oti au ngano, zipate kuila hiyo naitrojeni, uanze upya.

Kuhusu nyama ya mwezi wa kumi na moja, jambo moja. Wengine watakwambia upunguze kazi yote hii kwa kumwaga gunia la mahindi chini ya mti. Sheria inatofautisha shamba lililopandwa na chakula kilichomwagwa, na kila jimbo lina yake. Desemba 2023 Kentucky ilithibitisha ayala wa kwanza mwenye ule ugonjwa wa kukonda unaoshambulia ubongo, kaunti ya Ballard, magharibi kabisa. Ugonjwa hauna tiba. Wanyama kumi wanaosukumana pua juu ya rundo moja la mahindi au chumvi wanaambukizana. Kwenye nusu ekari ya klova wanatawanyika. Kabla ya msimu pigia idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo, uliza kaunti yako iko upande gani wa masharti hayo.

*

*Shikamoo Bibi Shamba. Nimefuata kila kitu kama ulivyoandika mwaka jana: chokaa, Septemba, ngano. Klova imeota lakini ni ya njano, imedumaa. pH ni 6.4. Niongeze mbolea gani?*
*— Msomaji wako, Columbus, Ohio*

Marahaba. Usiongeze kitu kwanza. Chukua koleo, ng'oa klova mbili tatu pamoja na udongo, uzioshe kwenye ndoo taratibu bila kuvuta. Tazama mizizi. Kama kuna vinundu vidogo, vingine kama punje ya mtama, vipasue kwa ukucha. Ndani pakiwa na rangi ya waridi kama nyama mbichi, bakteria wanafanya kazi, na tatizo ni jingine, pengine maji yanatuama. Pakiwa peupe au kijani, wapo lakini hawafanyi kazi. Kama hakuna vinundu kabisa, hukuwapa.

Bakteria hao wanauzwa kama unga mweusi kwenye kipakiti, na kila jamii ya mimea ina wa kwake. Wa klova si wa maharage wala si wa alfalfa. Mbegu iliyopakwa koti mara nyingi huwa nao tayari. Mbegu tupu hupakwa na mkulima siku ya kupanda, kwa maji kidogo. Ni viumbe hai. Kipakiti kilichokaa kwenye gari juani ni cha kutupa. Niliwahi kununua duka moja nikakuta tarehe ya mwisho imepita miaka miwili. Muuzaji akaniambia ni unga tu, hauozi. Nilimwachia.

Kwako, Februari ukirudia kumwaga mbegu, mwaga mbegu iliyopakwa bakteria wapya. Soma jibu linalofuata.

*

*Mama, mume wangu ameambiwa na watu wa kazini kwake kwamba klova inamwagwa mwezi wa pili juu ya barafu, hapa Iowa! Sisi tumetoka Kericho, hata kwetu kwenye baridi hatupandi mbegu juu ya barafu. Wanamtania au ni kweli?*
*— Mama Chebet, Des Moines*

Hawamtanii. Nenda kwenye udongo mtupu mwisho wa Februari au Machi, asubuhi mapema kabla ya jua, uinamie. Utaona umepasukapasuka mashimo mashimo kama sega la nyuki, umenyanyuliwa na sindano za barafu. Mchana unayeyuka, unashuka. Usiku unapanda tena. Mbegu ndogo iliyolala juu inamezwa kidogo kidogo na hiyo mipasuko, na joto likija iko mahali pake bila jembe wala rola.

Masharti yake ni machache. Udongo uonekane, ukimwaga juu ya feskyu nene au zulia la majani makavu, mbegu inaning'inia hewani hadi ife. Theluji nyembamba ni sawa, hata inasaidia kuona ulikopita, lakini theluji nene kwenye mteremko ikiyeyuka kwa siku moja itakuhamishia klova yako kwa jirani. Klova nyekundu na nyeupe zinakubali njia hii vizuri. Chikori mimi huiacha mpaka joto, na alfalfa usijaribu. Mimi hutumia njia hii kuziba mapengo ya shamba la mwaka mmoja au miwili. Kuanzisha shamba jipya, hapana, maana magugu ya kiangazi yataikuta klova bado changa, kama yalivyoikuta ya Baba Neema.

*

*Bibi Shamba, mimi nipo Usa River, Arusha. Nasoma safu yako nashangaa. Huku sisi tunapiga madebe usiku kucha kufukuza wanyama kwenye mahindi, nyie huko mnalimia wanyama? Swali langu la kweli: je, klova hiyo inaweza kuota kwangu, nina ng'ombe wawili wa maziwa. Na nikipanda, nyumbu na swala hawatanifuata?*
*— Mzee wa Usa*

Shikamoo Mzee. Nimecheka mpaka mume wangu akauliza kuna nini. Rombo nimepiga debe tangu nina miaka sita, tembo wakivuka kutoka upande wa Kenya. Marehemu baba yangu angeniona nikibeba mifuko hamsini ya chokaa kwa ajili ya mnyama wa porini angeniitia wazee. Lakini hapa mnyama huyu ni kitoweo chenye msimu na kibali. Mmoja mkubwa anatupatia nyama ya friza miezi kadhaa, nasi tunaokula ugali tunajua thamani yake. Na anayelima hapa anajua pia kwamba ayala akishiba klova, anapunguza kuingia kwenye bustani ya mchicha. Anapunguza tu, kuacha, haachi.

Klova ina ndugu yake huko kwenu, wa asili kabisa: klova nyeupe ya Kenya, *Trifolium semipilosum*, inayoota yenyewe nyanda za juu za Afrika Mashariki kando ya njia na kwenye malisho mafupi. Ukipanda mlima kutoka Usa kuelekea miteremko ya Meru, tazama chini kwenye nyasi zilizolishwa na mbuzi: majani matatu matatu, alama nyeupe katikati, yanatambaa. Inataka baridi na mvua. Usa River penyewe ni chini na ni joto. Bila kumwagilia itakusumbua. Kwa ng'ombe wawili mimi ningekupa desmodiamu, malisho mengine ya jamii ya kunde, ukiichanganya na matete ukingoni mwa mifereji, ukakata na kuwapelekea zizini kama tunavyofanya vihambani, yale mashamba ya nyumbani ya Wachaga. Na klova mbichi ikiwa peke yake tumboni mwa ng'ombe mwenye njaa inamvimbisha hadi kumuua, kwa hiyo hata ukiipata, mpe majani makavu kwanza.

Kuhusu nyumbu kukufuata, mfereji wenye matete utampendeza ng'ombe wa jirani yako kabla haujamfikia nyumbu. Jenga uzio upande wa jirani kwanza.